Ulifungiwa leseni kwa pombe? Hivi ndivyo nilivyokata bima tena hapa Mbeya

Nilikamatwa saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa nimelala, nimeoga, nimekunywa chai ya rangi na vitumbua viwili, natoka Igawilo naelekea Uyole kupokea viazi vyangu vilivyoshuka kutoka Isyonje. Afande aliyenisimamisha alikuwa kijana mwenye adabu zake. "Shikamoo mzee." Marahaba. "Naomba upulize hapa." Nikapuliza bila wasiwasi, maana mlevi niliyemjua mimi ni yule anayeyumba usiku. Kipimo kikasema vingine.

Usiku wake kulikuwa na sendofu ya binti wa jirani. Nilianza saa moja jioni, bia sita, halafu tukafungua chupa ndogo ya Konyagi tukaimaliza wawili. Baadaye, nilipopata muda mwingi wa kukaa nyumbani, nilipiga hesabu. Bia ya nusu lita yenye kilevi asilimia 5 inabeba kama gramu 20 za kilevi, na mwili wa mtu mzima unaunguza gramu saba au nane kwa saa. Kila chupa basi inataka zaidi ya saa mbili. Chupa sita zinataka kama saa kumi na tano, Konyagi hatujaigusa. Mimi nilikuwa nimezipa saa kumi na moja. Chai haiharakishi kitu, wala maji baridi ya kuoga, na huku kwetu asubuhi ya Juni maji ni baridi kweli.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inaweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Nilikiri kosa, nikalipa faini, nikafungiwa leseni mwaka mmoja.

Haya nayaandikia mtu aliye katikati ya mwaka kama huo, au aliyeumaliza juzi, na gari liko uani. Mambo ya faini na mahakama utapata washauri hata usiowaomba. Mambo ya bima hakuna aliyenieleza, isipokuwa maneno mawili niliyoyasikia kila kijiwe kuanzia Kabwe mpaka Mbalizi, na yote mawili ni uongo: kwamba bima ni ya gari na dereva haimhusu, na kwamba kampuni za bima haziwezi kujua.

Anza na kifungu cha dereva

Toa karatasi za bima kwenye droo ya gari. Stika ya kwenye kioo iache, hiyo ni ya trafiki. Nazungumzia cheti na mkataba wenyewe. Humo kuna sehemu inayotaja nani anaruhusiwa kuendesha. Wengi hatujawahi kuisoma kwa sababu iko kwa Kiingereza cha mahakamani na herufi zake ni ndogo kama ulezi. Kwa Kiswahili inasema hivi: anayeendesha awe mwenye bima au mtu aliyemruhusu, ilimradi mtu huyo ana leseni inayomruhusu kuendesha gari la aina hiyo, na hajazuiwa na mahakama kuendesha.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yako na yangu.

Maana yake, siku hakimu alipogonga muhuri, gari langu lilibaki na bima lakini mimi nikatoka ndani yake. Stika ileile, tarehe ileile, shilingi zangu zilezile nilizolipa Machi. Kijana wangu akikaa kwenye usukani, bima ipo. Nikikaa mimi, haipo. Kwa bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako, jibu ni fupi: ukigonga wakati umefungiwa, gari lako unatengeneza mwenyewe. Kwa bima ndogo, ile ya kulipa utakaowagonga tu, kuna jambo la kuelewa vizuri. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, imewekwa kumlinda uliyemgonga, hivyo kampuni inaweza kujikuta inamlipa majeruhi au wafiwa hata kama wewe umevunja mkataba. Lakini ikishalipa, ina njia ya kukugeukia ikudai fedha zake. Nilipoelewa hilo nilitoka nje nikaiangalia nyumba yangu ya Igawilo, bati lake jipya na migomba yake, nikajua kwamba nikiendesha, bima yenyewe ndiyo hiyo nyumba.

Mwaka wa kutoendesha

Usiache bima ife kama gari litaendelea kutembea. Bima ndogo ni lazima kwa kila gari lililo barabarani, haijalishi nani anaendesha. Na kama gari litalala uani mwaka mzima, bado fikiria moto na wizi. Kuna bima ya kati inayochukua bima ndogo ikaongeza moto na wizi tu, na ni nafuu kuliko kubwa. Mimi nina magari mawili, RAV4 ya nyumbani na Canter ya viazi. RAV4 niliiacha kwenye bima kubwa kwa sababu mama watoto alitaka kwenda nayo Tukuyu kwa wazazi wake, na dereva wake angekuwa mdogo wangu.

Halafu iandikie kampuni barua. Najua, unajiuliza kwa nini ujichongee. Mkataba wa bima unasimama juu ya uaminifu, na mabadiliko makubwa katikati ya mwaka unatakiwa uyaseme. Barua yangu ilikuwa ya mistari minne: nimefungiwa leseni kuanzia tarehe fulani mpaka tarehe fulani, kwa kosa fulani, gari namba fulani litaendeshwa na fulani, nakala ya leseni yake nimeambatanisha. Nikapeleka nakala mbili, wakanigongea muhuri wa kupokea kwenye moja, nikarudi nayo. Hiyo nakala yenye muhuri ilikuja kufanya kazi kuliko nilivyotegemea.

Hapo kwenye nakala ya leseni ndipo dada wa dirishani aliponiokoa. Aliigeuza, akaitazama nyuma, akaniuliza, "Mzee, huyu ndiye ataendesha na Canter?" Nikasema ndiyo. "Leseni yake ni daraja B peke yake." Daraja B ni la magari ya kawaida ya binafsi. Canter inayobeba mizigo ya biashara si gari la daraja B. Ningempa funguo, angepanda Isyonje na kushuka na magunia kila wiki, na bima isingekuwepo hata siku moja, kwa kifungu kilekile kilichonitoa mimi. Ikabidi nitafute dereva mwenye daraja E, linaloruhusu magari ya mizigo. Leseni ya dereva wako, basi, igeuze nyuma usome. Tarehe ya mwisho nayo itazame, maana leseni iliyokwisha muda ni kama hakuna.

Mara moja tu nilishika funguo. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua ya mawe, dereva amepata dharura Chimala, na gunia ishirini zinanyeshewa pale Uyole. Mama watoto hakusema neno. Alisimama mlangoni akanyoosha mkono, nikampa funguo, nikachukua bodaboda na turubai.

Siku ya kurudi barabarani

Mwaka ukiisha usiamke ukawasha gari. Tarehe ya kufunguliwa na leseni halali mkononi ni vitu viwili. Yangu ilikuwa imeisha muda humo humo katikati, kwa hiyo ilibidi kwanza niende kwa trafiki mkoa na nakala ya amri ya mahakama na risiti ya faini, ndipo nikahuisha leseni TRA. Nakala ya amri ya mahakama itake mapema, na ukiipata toa nakala nyingine tano, kila ofisi itataka yake.

Kabla ya hapo ingia kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia madeni ya faini, uweke namba ya gari. Mimi nilikuta madeni matatu ya shilingi 30,000 kila moja, yote ya mdogo wangu na mwendokasi wake wa Igurusi. Nililipa kwa namba ya malipo kwenye simu, kisha nikamwita tukaongea.

Nilifanya jambo moja ambalo mahakama haikuniagiza. Nilikwenda chuo cha ufundi cha VETA hapa Mbeya nikasoma kozi fupi ya udereva, mzee mzima na ndevu nyeupe, nimekaa na vijana wa bodaboda. Nilitaka karatasi ya kuonyesha kwenye bima kwamba mwaka ule sikuukalia bure. Ilisaidia, nitasema kiasi gani.

Fomu ya maombi

Sasa tuje penye uzito. Ukiomba bima kubwa utapewa fomu ya maombi. Zangu zote tatu zilikuwa kwa Kiingereza, na wakala mwingi atakuambia, "Saini hapa mzee, nitajaza mwenyewe." Usisaini fomu tupu. Ukishasaini, majibu ni yako hata kama mkono ni wake. Humo ndani kuna swali linalouliza kama wewe, au yeyote atakayeendesha, amewahi kutiwa hatiani kwa kosa la barabarani au kufungiwa leseni. Kuna lingine linalouliza kama umewahi kukataliwa bima au kuwekewa masharti. Mengine ni rangi ya gari na namba ya chesisi.

Nilikwenda sehemu tatu. Majina yao nitayaacha.

Sehemu ya kwanza, ofisi yenye kiyoyozi ambacho Mbeya hakina kazi, walisoma jibu langu wakasema bima kubwa hawatanipa mpaka ipite miaka mitatu. Bima ndogo wakanipa palepale, shilingi 100,000 na kodi ya ongezeko la thamani 18,000, jumla 118,000, sawa na mtu ambaye hajawahi kuonja hata togwa. Kama fedha ni chache au gari ni kuukuu, unaweza kuishia hapo ukaendelea na maisha.

Sehemu ya pili ilikuwa meza ya wakala pale Mwanjelwa. Kijana mchangamfu, ananiita bosi. Alisoma swali, akacheka, akaninong'oneza: "Hapa weka hapana, bosi. Nani atajua?" Bei yake ilikuwa nzuri. Gari nililithamini milioni 14, kwa asilimia 3.5 ni 490,000, ongeza kodi 88,200, jumla 578,200. Nilikaa na kalamu mkononi kama dakika nzima. Nitakuambia nini kilinizuia: nilimuuliza kama anaweza kuniandikia kwa mkono wake kwamba yeye ndiye aliyenishauri kuweka hapana. Akasema simu yake inaita.

Sehemu ya tatu walinikubali kwa masharti. Walipandisha ada kwa robo, ikawa 612,500, na kodi 110,250, jumla 722,750. Ukweli ulinigharimu 144,550 kwa mwaka. Mwanzoni walitaka kupandisha kwa nusu. Nilipowapa cheti cha VETA na ile barua yangu yenye muhuri niliyowaandikia wale wa zamani, meneja akashusha. Kwa hiyo kozi ilijilipa mwaka uleule.

Kwenye nafasi ndogo ya maelezo niliandika hivi, na unaweza kuyachukua kama yalivyo ukabadili tarehe: "Mwaka 2021 nilitiwa hatiani na mahakama ya wilaya kwa kuendesha gari nikiwa na kilevi kinachozidi kiwango. Nililipa faini na kufungiwa leseni miezi 12. Hakukuwa na ajali wala majeruhi. Leseni yangu imerudishwa na iko hai. Nakala ya amri, risiti na leseni zimeambatanishwa." Usijitetee humo, usieleze habari za sendofu. Wanataka kosa, tarehe, adhabu, na kama kuna mtu aliumia. Ukimaliza piga picha kila ukurasa kwa simu kabla hujarudisha fomu.

Masharti watakayokuwekea

Masharti hayakai kwenye cheti. Yanakuja kwenye karatasi ya nyongeza iliyobanwa nyuma ya mkataba, na kama hukupewa, idai kabla hujalipa. Lipa baada ya kusoma, kwa sababu Tanzania bima haianzi mpaka ada iwe imelipwa. Mambo ya "nitamalizia mwisho wa mwezi" yalishapita, na anayekubali kukupa stika kwa mkopo mwogope.

Yangu yalikuwa matatu. Waendeshaji ni wawili tu, mimi na mdogo wangu, kwa majina. Mimi nisiendeshe kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri. Na sehemu ya hasara ninayobeba mwenyewe, wenyewe wanaita eksesi, ikapanda: asilimia 10 ya madai, isipungue shilingi 500,000. Sharti la usiku liliniuma kidogo kwa sababu viazi vya kwenda Dar vinapakiwa usiku, lakini hiyo ni kazi ya Canter na Canter ina dereva wake.

Waulize mwisho wa masharti ni lini, na waandike. Usipouliza yatakufuata kila ukihuisha kama kivuli. Mimi waliniandikia yatapitiwa upya baada ya miaka miwili bila madai. Uliza pia kuhusu punguzo la mtu asiyedai. Wengine watalifuta kabisa, wengine watalianza upya toka sifuri.

Kuna sharti moja ambalo hawakuniwekea mimi kwa kuwa liko kwa kila mtu: bima kubwa hailipi uharibifu wa gari lako kama uliendesha umelewa. Tofauti ni kwamba wewe na mimi tutapimwa kwa macho mawili. Mtu mwingine akigonga mti saa tatu usiku watauliza kuhusu breki.

Ukishalipa, ingia kwenye tovuti ya TIRA-MIS ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), weka namba ya gari au ya stika, uone kampuni, tarehe ya kuanza na kuisha, na aina ya bima. Nimeona mtu wa Soweto, mtaa wa hapahapa Mbeya, aliyelipa bima kubwa, mfumo ukaonyesha ndogo. Hilo ukiliona siku ileile linarekebishika.

Ukipata ajali

Mimi niliipata. Mwezi wa sita 2023, saa moja na nusu asubuhi, nashuka Mlima Nyoka kuja Uyole. Wenyeji mnajua ukungu wa pale mwezi wa sita. Lori lilikuwa limesimama nusu barabarani, matawi mawili ya majani yamewekwa nyuma badala ya pembetatu, nikayaona majani na lori kwa wakati mmoja. Boneti, rejeta, taa zote mbili. Mimi mzima. Kosa lilikuwa langu kwa sehemu kubwa, mwendo wa ukungu sikuuheshimu.

Hiki ndicho nilichofanya na ningemwambia yeyote mwenye historia kama yetu afanye. Sikuondoa gari mpaka trafiki alipofika. Nikamwomba mwenyewe, "Afande, naomba nipulize." Alinishangaa. Nikapuliza, ikasoma sifuri, nikamwomba iandikwe kwenye ripoti. Nikapiga picha ya lori, majani, ukungu, na saa ya kwenye dashibodi, kwa sababu ya sharti langu la usiku. Kisha nikaipigia kampuni kabla hata ya kumpigia mama watoto, kosa ambalo nililipia kivyake.

Mkaguzi wa kampuni alipokuja gereji hakuanza na boneti. Alianza na leseni yangu, akasoma mbele na nyuma. Akatoa faili lenye fomu yangu, amri ya mahakama na karatasi ya masharti. Akauliza saa ngapi, nikamwonyesha picha. Akauliza nani aliendesha, nikasema mimi, jina limo. Akauliza kilevi, nikampa ripoti. Dakika kumi hivi, ndipo akafungua boneti. Matengenezo yalikuja milioni 3 na laki mbili. Asilimia 10 ilikuwa 320,000, lakini kima changu ni 500,000, kwa hiyo nililipa laki tano na wao wakalipa milioni 2 na laki saba. Zile 144,550 sikuzilalamikia tena.

Jamaa mmoja wa Mbalizi, tumefungiwa mwaka uleule, aliweka hapana kwenye fomu. Alipogonga alijaza fomu ya madai, ambayo inauliza swali lilelile kwa maneno mengine, na huku akaweka ndiyo, kwa sababu alikuwa na hofu na polisi walikuwa wanajua. Fomu mbili, mtu mmoja, majibu mawili. Hakuna aliyehitaji kwenda mahakamani kupekua. Madai yalikataliwa na ada yake haikurudi.

Ukikataliwa na unaamini umeonewa, andika kwanza kwa kampuni yenyewe na utake jibu la maandishi linalotaja kifungu gani. Ukiwa na jibu hilo nenda TIRA, wana ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapahapa Mbeya, huna haja ya basi la Dar. Kuna pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa mambo ya fidia. Beba picha za fomu yako.

Kwa wanaovuka mpaka

Ukienda Karonga ya Malawi kupitia Kasumulu, au Nakonde ya Zambia kupitia Tunduma, unakata ile Kadi ya Njano ya COMESA juu ya bima yako ya nyumbani. Ni ya kuwalipa utakaowagonga huko, gari lako halimo. Leseni yako ikiwa na tatizo huku, usitegemee kadi ikufiche kule.

Na kwa ndugu zetu walio mbali zaidi. Mpwa wangu anaishi Houston, Texas, naye alikamatwa kwa kosa hilohilo mwaka mmoja baada yangu (mama yake anasema ni mimi nilimwambukiza kwa simu). Kule leseni ikisimamishwa unaweza kuomba mahakamani leseni ya vikwazo ya kwendea kazini, shuleni na shughuli za lazima za nyumbani, katika saa na maeneo aliyoandika hakimu: saa nne kwa siku, na hakimu akiridhika zinaweza kufika kumi na mbili. Nayo hupewi bila SR-22. Wengi wanadhani SR-22 ni bima. Ni hati ambayo kampuni ya bima inaipeleka serikali ya jimbo kuthibitisha kwamba unayo bima inayotakiwa na sheria. Texas wanataka uishike miaka miwili, majimbo mengi mengine mitatu. Florida na Virginia kwa kosa la ulevi wanatumia nyingine, FR-44, ambayo kiwango chake cha bima ni kikubwa zaidi. Ukikosa kulipa, kampuni inaitaarifu serikali na leseni inasimama tena. Huna gari lakini unataka kuendesha la mtu? Kuna bima ya asiye na gari, na SR-22 inaweza kukaa juu yake. Mpwa wangu pia alifungiwa kifaa garini: asipopuliza, gari haliwaki. Aliniambia anakipulizia kila asubuhi saa kumi na mbili, nikamwambia muda huo naujua.

Bima yangu inaisha Machi. Wiki ya pili ya Februari huwa natoka na faili langu la bluu, lina amri ya mahakama, risiti, cheti cha VETA, barua yenye muhuri na bima za miaka iliyopita kwa mpangilio wa tarehe, naomba bei sehemu tatu kabla sijahuisha pale nilipo. Yale madai ya Mlima Nyoka yaliirudisha saa ya miaka miwili mwanzo, kwa hiyo sharti la usiku bado ninalo. Sendofu za majirani naenda na dereva wa bajaji wa pale Igawilo sokoni, ananisubiri nje na chakula nampelekea.